Usikubali Kizungu kikufunge mdomo

Hebu jiweke hapa. Umevaa shati uliloazima kwa binamu yako, umepanda matatu alfajiri kabla nauli haijapanda, na sasa umeketi mbele ya watu watatu walio upande wa pili wa meza. Vyeti vyako viko kwenye bahasha ya kaki. Kazi yenyewe unaiweza. Mmoja wao anakuuliza kwa Kiingereza: mteja akija amekasirika kwa sababu bidhaa aliyonunua ina kasoro, utafanya nini?

Jibu unalijua. Umekaa miaka miwili ukiuza katika duka la mjomba wako, na wateja wa aina hiyo umewatuliza mara nyingi. Lakini neno moja linakataa kuja. Unataka kusema kwamba mteja atarudishiwa pesa zake, na lile neno la Kizungu, uliloliandika mara mia shuleni, limepotea kabisa. Unasema "aaah". Unaangalia dari. Sekunde kumi zinapita na zinaonekana kama saa nzima. Mwishowe unasema, "I will help the customer," halafu unanyamaza. Wale watatu wanaandika kitu kwenye karatasi zao.

Ukifika kwenye ngazi, jibu zima linakujia. Linakuja kwa Kiswahili, linakuja kwa lugha ya nyumbani, na sasa hata kwa Kizungu. Too late, kama wasemavyo wasee wa mtaani. Kazi imeenda, na si kwa sababu hukuijua. Imeenda kwa sababu ya neno moja.

Kama hujawahi kupatikana na kisanga kama hiki, unamjua aliyepatikana. Wengine kilichowapata ni katika darasa la chuo kikuu, mhadhiri anapouliza nani ana maoni na kila mtu anainamia simu. Wengine ni kwenye simu ya mteja aliye ng'ambo.

Msimamo wetu ni huu: vijana wengi wanaonyamaza wanajua Kiingereza cha kutosha. Kile ambacho hawakufundishwa ni la kufanya Kiingereza kinapokwama. Na kukwama ni lazima. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukwama, profesa hukwama, hata Mwingereza mwenyewe husahau neno katikati ya sentensi. Tofauti ni kwamba msemaji mzoefu ana njia za kutoka kwenye shimo hilo bila wewe kugundua kwamba alitumbukia.

Njia hizo tayari unazo

Wataalamu wa lugha wamezichunguza njia hizi kwa zaidi ya miaka 50. Larry Selinker alizitaja mwaka 1972 alipokuwa akieleza lugha ya katikati ambayo mwanafunzi hujijengea anapotoka lugha yake kwenda lugha mpya. Mwaka 1980, Michael Canale na Merrill Swain walipouliza kujua lugha ni kujua nini hasa, walisema sarufi peke yake haitoshi. Inabidi pia ujue nani anaambiwa nini na wakati gani, na ujue namna ya kujiokoa mazungumzo yanapokwama. Kwao, kujiokoa ni sehemu ya kuijua lugha. Si kudanganya, na si dalili ya udhaifu.

Sasa usiogope majina hayo makubwa. Wewe mwenyewe unafanya mambo haya kila siku kwa Kiswahili. Ni mara ngapi umesema, "Nipatie ile nanii iko juu ya meza"? Hujui jina la kitu, au limekuponyoka, na bado kimeletwa. Umeingia kwa duka la vifaa vya ujenzi ukasema, "Nataka ile kitu ya kuzuia maji kwa bomba," na muuzaji akakutolea. Umesema "yaani" mara tatu mfululizo huku ukitafuta la kusema, na hakuna aliyekuuliza kama umesoma.

Kwa nini basi mbinu hizi zinatukimbia tukiingia kwenye Kizungu? Kwa sababu Kiswahili tulikipata kwa kubonga, na Kizungu wengi wetu tulikipata kwa kuandika. Kwenye karatasi, neno ni sahihi au si sahihi. Kalamu nyekundu haikupi nafasi ya kuzunguka. Kwa hivyo tunazungumza kama watu wanaofanya mtihani, tukingoja neno lililo sahihi au tukae kimya.

Mbinu sita za kubeba mfukoni

Ya kwanza ni kulizunguka neno. Ukisahau jina la kitu, sema kazi yake, umbo lake au mahali kinapopatikana. Yule kijana wa mahojiano angesema tu, "We give the customer the money back," na mambo yangeendelea. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu ambaye angejua kwamba alikuwa anatafuta neno lingine. Ukisahau jina la mashine ya kubana karatasi, sema "the small machine for joining papers". Umeeleweka, songa mbele.

Ya pili ni kutumia neno jirani. Kama neno hasa halipo, chukua lililo karibu nalo. Mtu aliyesahau jina la feri ya Likoni akisema "the big boat", kila anayemsikiliza anamwona akivuka kwenda upande wa pili. Kosa ni kusimama pale pale ukilitafuta neno kamili huku msikilizaji amechoka kukungoja.

Ya tatu ni kununua muda. Kimya cha sekunde tano kinamtia msikilizaji wasiwasi. Sekunde hizo hizo ukizijaza na "That is a good question, let me think" zinaonekana kama busara. Weka vifungu vitatu vinne vya namna hii kichwani, uvizoee hadi vitoke vyenyewe. Ni "yaani" na "unajua" za Kizungu. Ila usivitumie kila sentensi, kwa maana chumvi ikizidi mboga hailiki.

Ya nne ni kuuliza. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Umeulizwa swali, umesikia nusu, na unaona haya kusema hukusikia. Unajibu swali ambalo hukuulizwa. Kuuliza tena si aibu. "Sorry, could you please repeat that?" ni sentensi ambayo hata wakili hutumia mahakamani. Bora zaidi, rudia ulichosikia kisha uulize kama ndicho: "Do you mean a customer in the shop or on the phone?" Hapo umeonyesha unasikiliza, na umejipatia sekunde za kufikiri.

Ya tano ni kujirekebisha bila kujiadhibu. Ukisema "he go" na ukagundua, sema "he goes" na uendelee. Usicheke, usiombe msamaha, usirudi mwanzo wa hadithi. Msikilizaji hukumbuka ulichosema, na kosa dogo husahaulika mara moja, isipokuwa kama wewe mwenyewe umesimama kulitangaza.

Ya sita ni kusoma uso wa unayezungumza naye. Akikunja uso, amepotea. Rudia kwa maneno mengine au toa mfano. Tumia mikono pia. Na ukichanganya lugha, jua uko wapi. Kwenye matatu, sentensi yenye Kiswahili, Kizungu na Sheng inapita vizuri kuliko lugha moja. Kwa simu ya mteja aliye Canada, neno la Sheng halitafika popote. Kuchanganya ni mbinu nzuri pale ambapo pande zote mbili zina lugha hizo hizo.

Mbili zinazokudanganya

Kuna njia nyingine mbili ambazo huonekana kama msaada na ni mtego. Ya kwanza ni kukwepa. Wataalamu Claus Færch na Gabriele Kasper, katika kazi yao ya mwaka 1983, waligawa mbinu hizi kwa makundi mawili: zile za kupunguza unachotaka kusema, na zile za kukifikia kwa njia nyingine. Ukikwepa, unaliacha wazo lako na kusema dogo zaidi. Ulitaka kueleza jinsi ulivyosuluhisha ugomvi wa chama cha akiba, unaishia kusema, "I am a good person." Hujakosea sarufi hata kidogo. Lakini pia hujasema lolote. Na aliye mbele yako hawezi kuajiri wazo lililobaki kichwani.

Ya pili ni kukariri. Tunajua zile video za majibu kumi ya mahojiano. Kila mtu ni "hard-working" na "team player". Tatizo si kwamba umejitayarisha. Tatizo ni swali la pili: "Give me an example." Pale karatasi uliyokariri inakwisha na wewe unaachwa uchi. Badala ya kukariri jibu, tayarisha visa vitatu vya kweli kutoka maisha yako, ujizoeze kuvisimulia kwa namna tofauti. Kisa chako mwenyewe hakisahauliki.

Hata mitihani mikubwa ya Kiingereza inaelekea huko. Kama wewe ni muuguzi au mwalimu unayetaka kwenda kufanya kazi ng'ambo, huenda ukatakiwa kufanya IELTS. Sehemu yake ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini. Unapewa mada na dakika moja ya kujitayarisha, kisha unaongea dakika moja hadi mbili. Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Angalia kwamba sarufi ni robo tu. Na kulizunguka neno kwa ustadi ni jambo linalokuongezea alama kwenye msamiati, halikupunguzii.

Kuhusu kushrub na kutoa tweng

Sasa tuseme ukweli kuhusu kile kinachotuogopesha zaidi. Si mtahini, ni wenzetu. Taifa hili linapenda kucheka. Mtu akichanganya "r" na "l", akisema "s" mahali pa "sh", video yake inazunguka kwa WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Mwanariadha ametoka kukimbia kilomita 42 akiwaacha watu wa dunia nzima nyuma, bendera yetu iko mabegani mwake, halafu sisi tunamsikiliza tukitafuta kosa la Kizungu la kuchekea.

Sauti hizo zina sababu. Lugha ya Kikuyu haina "l". Dholuo haina "sh". Ulimi uliolelewa bila sauti fulani huikaribia kwa sauti iliyo jirani. Mjapani anapata shida ile ile ya "r" na "l". Mfaransa anaidondosha "h". Mjerumani husema "v" mahali pa "w". Cha ajabu ni kwamba Mfaransa akidondosha "h" tunasema ana lafudhi tamu, na jirani yetu kutoka Nyeri au Siaya tunasema ameshrub. Hapo hatupimi Kiingereza tena. Tunapima nani ana haki ya kukosea.

Kicheko hicho kina gharama. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake nchini Marekani walieleza hofu inayowapata wanaojifunza lugha ya kigeni, na moja ya nguzo zake ni kuogopa kuhukumiwa vibaya na wengine. Anayeogopa huzungumza kidogo, na anayezungumza kidogo hajifunzi. Kwa hivyo kila unapomcheka mwenzako, unamfungia mlango ambao wewe pia unahitaji.

Wengine wameamua kukimbilia upande wa pili, wakajipachika tweng ya Marekani. Ndugu yangu, lafudhi ya kuazima inakuongezea kazi. Sasa unatafuta neno, unatafuta sarufi, na unatafuta pua ya kuitolea. Kinachotakiwa ni kueleweka. Hapo kuna jambo moja la maana la kulifanyia kazi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza hakina utulivu huo: sema "photograph" kisha "photography", utasikia mkazo ukihama. Msikilizaji wa ng'ambo hupotea zaidi mkazo ukikaa mahali pasipo pake kuliko "r" moja ikigeuka. Punguza mwendo, sikiliza mkazo, na lafudhi yako ya Kenya ibaki ilivyo.

Tena kumbuka kwamba dunia ya leo ina watu wengi zaidi wanaotumia Kiingereza kama lugha ya pili au ya kigeni kuliko waliozaliwa nacho. Jirani zetu wa Rwanda walihamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008. Utakayezungumza naye kazini huenda ni Mhindi, Mchina, Mrundi au Mnigeria, naye anatafuta maneno kama wewe.

Somo kutoka Malindi

Kama unataka kuona mbinu hizi zikifanya kazi, teremka pwani. Ukifika ufuoni Malindi au Watamu utasikia vijana wakiongea Kiitaliano. Wengi wao hawakukipata darasani. Walianza na salamu, wakaongeza bei, wakaongeza majina ya samaki, na pale neno lilipokosekana mkono ulimalizia. Walikosea mbele ya watu, mchana, kila siku. Mtalii alielewa, akanunua, akarudi kesho. Hakuna aliyewaambia wangoje hadi sarufi ikamilike.

Nenda Eastleigh uwaone wachuuzi wasio Wasomali wakipigania bei kwa Kisomali. Ni hadithi ile ile. Watu hawa hawana akili kutushinda. Walikuwa na sababu ya kuzungumza, na hawakuwa na mtu wa kuwacheka.

Anza na simu yako

Hatukuambii ulipie kozi. Simu uliyonayo inatosha kuanza. Chagua kisa kimoja, tuseme siku matatu ilikwama Mombasa Road ukachelewa kazini. Kisimulie kwa Kizungu huku ukijirekodi, kwa dakika nne. Kisha kisimulie tena kwa dakika tatu. Kisha kwa dakika mbili. Zoezi hili la nne, tatu, mbili limeenezwa sana na Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, na linafaa zaidi ukimpata msikilizaji mpya kila mara. Raundi ya kwanza utakwama. Raundi ya tatu utashangaa maneno yanavyotoka.

Sikiliza rekodi yako mara moja tu, uandike mahali ulipokwama. Hapo sasa ndipo utafute neno. Neno ulilolihitaji ukalikosa halitoki tena kichwani, tofauti na orodha ya maneno 20 uliyokariri bila haja nayo.

Tafuta wenzako wawili watatu. Wekeni nusu saa kwa wiki, kejani au chini ya mti, mzungumze Kizungu na sheria iwe moja: hakuna kucheka, hakuna kumkatiza mtu kumsahihisha. Cheza mchezo huu: mmoja aandike jina la kitu kwenye karatasi, mwingine alieleze bila kulitaja hadi wengine wakitambue. Chapati, genereta, hatimiliki, chochote. Ni mchezo wa watoto, lakini unalizoesha kichwa kulizunguka neno. Siku ya mahojiano utaushukuru.

Na zungumza peke yako. Ukifua nguo, eleza unachofanya. Majirani watakushangaa siku mbili, ya tatu watazoea.

Shule na waajiri nao

Tusimtwike kijana mzigo wote. Chukua mtihani wa KCSE. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na katika hizo alama 30 ni za stadi za kuzungumza. Nusu ya karatasi. Lakini mtahiniwa hafungui kinywa. Anaandika jinsi ambavyo angezungumza. Anaandika ni neno gani angelitilia mkazo. Mtoto anaweza kupata alama zote 30 bila kutamka sentensi moja. Mwalimu naye, akijua hivyo, hufundisha kuandika kuhusu kuzungumza. Huwezi kumlaumu, yeye pia hupimwa kwa matokeo.

Mtaala mpya unasema mawasiliano ni mojawapo ya umilisi wa msingi, na umeweka kusikiliza na kuzungumza mwanzoni mwa somo la lugha. Ni hatua njema kwenye karatasi. Tunachoomba ni kwamba kuzungumza kupimwe kwa kuzungumza. Na walimu wapewe madarasa yenye idadi ya watoto inayomruhusu kila mmoja kusikika japo dakika moja kwa wiki.

Kuna jambo jingine linalofaa kukoma kabisa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto wa enzi yake walivyoadhibiwa na kuaibishwa kwa kukutwa wakizungumza Kikuyu shuleni. Miaka mingi baada ya Uhuru, bado kuna shule ambapo mwanafunzi huvishwa kidude shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, na nyingine hata kwa kusema Kiswahili. Kiswahili ambacho Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakiita lugha ya taifa, na tena lugha rasmi sawa na Kiingereza! Adhabu hiyo haimfundishi mtoto Kizungu. Inamfundisha kwamba kunyamaza ni salama zaidi. Miaka 10 baadaye anaingia kwenye mahojiano na kufanya kile alichofunzwa.

Kwenu waajiri: kama kazi ni ya kujibu simu za wateja wa nje, mna haki ya kupima Kizungu. Lakini kama mnamtafuta fundi, dereva, au mhasibu wa duka, jiulizeni mnapima nini. Mwombaji aliyesahau neno, akalizunguka, akaeleweka, amewaonyesha kwamba akikwama kazini atatafuta njia. Yule aliyetiririka majibu ya kukariri hajawaonyesha lolote bado.

Neno la mwisho kwako

Kuna watakaotuuliza: mbona gazeti la Kiswahili linawapigia vijana debe la Kizungu? Hatupigi debe. Kizungu si kipimo cha akili, na anayedhani hivyo amepotoka. Lakini ni ufunguo wa milango mingi katika nchi hii, na hatuwezi kukuambia usimame nje kwa sababu ya msimamo wetu. Tena mbinu hizi hazina kabila. Wapo miongoni mwenu wanaoingiwa na baridi wakiulizwa swali kwa Kiswahili sanifu mbele ya kamera. Zungukeni neno, ulizeni, jirekebisheni, endeleeni. Ni dawa ile ile.

Kwa hivyo wiki hii, fanya jambo moja. Mahali ambapo kwa kawaida ungenyamaza, iwe darasani, kwa mkutano wa kazi au kwa simu, sema sentensi moja. Ikikwama katikati, usiitupe. Izungushe hadi ifike. Na ukimsikia mwenzako akihangaika na yake, funga kicheko chako, umngoje amalize.